Jina Lililoungua na Kibanda

Jumapili, 3 Oktoba 1993

Mimi Gervas, mwenye mji huu wa nyumba tisa hapa Mkunya, leo naanza kuandika. Daftari kanipa mwalimu mmoja baada ya kumsimulia nilivyowaua Wareno saba kwa mchi wa kutwangia, ng'ambo ya Ruvuma, enzi za vita. Akasema, mzee, haya yaandikwe. Shule niliacha darasa la nne. Walimu waliishiwa, hawakuwa na jipya la kunifundisha.

Kila kitu nakiweza. Chui nimemzaba kibao akaomba njia. Maji nimeteka bondeni nikapanda nayo mlima wote, debe moja kichwani na jingine nimeling'ata mpini. Kinachonishinda ni kimoja tu, kuimba. Nilipokuwa jandoni nilikosea kuitikia, kiongozi akanichapa fimbo ya koo. Tangu siku ile wimbo ukiingia kwangu hautoki.

Mwanamume mwingine angesema si kitu. Lakini mimi ni mjomba. Kwetu jambo la mji halijawa jambo mpaka mjomba aliimbie. Maiti kutolewa, mwali kutoka ndani, mkwe kurudishwa kwao, yote mjomba huanzisha na wengine huitikia. Mwaka jana dada yangu alifariki. Jeneza limefika mlangoni, watu wananitazama, nami nafungua mdomo na kufunga kama perege aliyetupwa nchi kavu. Mpaka Severina, binti wa marehemu, akaanza yeye huku machozi yanamtoka. Watu hawakusema neno. Nilisikia walivyokuwa hawasemi.

Msimu huu nitajifunza.

Jumanne, 5 Oktoba

Jua kali. Korosho zimeanza kudondoka. Uraka wa kwanza, pombe yetu ya mabibo, mtamu.

Ijumaa, 8 Oktoba

Nimekwenda uani kwa Bibiana. Yeye ni Mmakua, mtani wangu, mjane, rika langu, lakini huniita njomba kama mji mzima unavyoniita. Kwake wanawake hukaanga korosho kwenye debe lililopasuliwa, moshi unauma macho, mafuta ya maganda yanawaka yenyewe. Kisha wanapaka majivu mikononi wasiungue, wanakaa chini, wanabangua kwa virungu. Ko, ko-ko. Ko, ko-ko. Nyimbo zao zimezaliwa na mlio huo. Ngoma ni galoni la mafuta lililotobolewa, anapiga Severina.

Nikasema nimekuja kuimba.

"Njomba, kuimba au kula korosho?" akauliza Bibiana.

"Kuimba."

"Haya, toa."

Nikatoa. Galoni likanyamaza, kuku wakaondoka.

"Nimesikia fisi aliyekanyaga kaa la moto," akasema Bibiana, "na yule alikuwa na sauti kuliko wewe."

Walicheka mpaka mmoja akajigonga kidole. Nilidhani watanifukuza. Badala yake Bibiana akanisogezea kinu nikalie, akanipa majivu, akanipa kirungu. "Wewe kazi yako ni 'ee' tu. Severina akiimba, akimaliza, wewe 'ee'. Usiongeze chumvi."

Nimesema 'ee' toka saa nane hadi saa kumi na moja. Ya mwisho Severina aliikubali kwa kichwa, akasema, "Hiyo, njomba. Hiyo ilikuwa sauti ya mtu." Nimerudi nyumbani mikono imebabuka, nimefurahi.

Jumatatu, 11 Oktoba

Kule Makote, kijiji jirani, wamekamata mwizi na gunia la korosho. Wezi wamezidi tangu wanunuzi binafsi waanze kuja na malori mpaka mashambani. Zamani mnunuzi alikuwa chama cha ushirika peke yake, mwizi angemuuzia nani? Tulikwenda mimi na mkwe wangu Sultani, mume wa Severina. Kwetu mwanamume huoa akahamia kwao mke, kwa hiyo anakaa mjini kwangu, nyumba ya tatu kutoka yangu.

Sultani ni mwanangu wa jando. Alipokuwa na miaka tisa mimi nilikuwa mlezi wake, nilimbeba begani kumpeleka porini. Hakuna anayependa hadithi zangu kama yeye. Ya Wareno amesikia labda mara mia, na kila mara anauliza, "Halafu wa saba, njomba?"

Mwizi alipigwa. Mimi nilimpiga ngumi moja akaanguka mara mbili. Watu walipochoka wakaacha, wazee wakasema imetosha, yule mtu analia bila sauti. Sultani hakuacha. Alichukua mpini wa jembe, akachagua magoti, akapiga kwa utulivu, kama mtu anayevunja kuni kwa kipimo. Ilibidi wamshike wanne.

Njiani nilimsifu. Nikamwambia, mkono wako umetoka kwangu.

Alhamisi, 14 Oktoba

Severina jicho limevimba. Kasema ni kuni iliruka. Nimeimba 'ee'.

Jumatano, 20 Oktoba

Vumbi. Bibiana kaniongezea maneno mawili baada ya 'ee'. Wameniitikia wote kumi na mmoja. Nilijiona nimebebwa.

Jioni alinifuata mpaka kwenye kisiki ninachokalia. "Njomba, umeliona jicho?"

Nikamwambia mashoka mawili kapu moja hayakosi kugongana.

"Huyu si shoka," akasema. "Huyu ni korosho. Anayebanguliwa ni yeye peke yake." Akaenda zake.

Jumapili, 24 Oktoba

Siku kubwa. Oscar, dereva wa lori la mnunuzi mmoja wa Masasi, alisimama kwa Bibiana kuomba maji, akasikia tunavyobangua na kuimba. Akaleta redio yake ya milango miwili, ile inayomeza kanda mbili kwa pamoja. Akasema, mama, imbeni, mimi nabonyeza hapa tu.

Tukaimba. Severina mbele, galoni linatembea, virungu ko, ko-ko. Sultani hakuwepo, alikwenda kupakia magunia. Tukafika pale wimbo unapoacha nafasi, kila mtu anaweka lake. Wote wakanitazama. Koo likafunguka. Nnungu wangu, lilifunguka kweli, baada ya miaka arobaini na mbili. Nikaimba:

Nilimbeba begani, ee,
mtoto wa watu, ee,
porini mbali, ee,
Jalala kanilowesha shingo, ee.

Hawakuitikia ile 'ee' ya mwisho. Virungu vilisimama. Oscar peke yake alicheka, maana si wa huku.

Nieleze hapa, kama atasoma mtu wa mbali. Sultani alipozaliwa, mama yake alikuwa amezika watoto watatu. Wakamwita Jalala ili kifo kimwone ni takataka kimpite. Lakini jina la utotoni halitoki jandoni. Siku ya mwisho kibanda cha jando huchomwa moto, na majina ya zamani yanaungua humo. Watoto wanaambiwa tembeeni, msigeuke nyuma, anayegeuka atalirudia jina lake. Mbele wanapewa jipya. Baada ya hapo kumwita mtu jina lililoungua ni kumtangazia vita. Nimeona watu wamepasuana vichwa kwa sababu hiyo, na haikuwa hadithi.

Mimi sikumtukana. Nilimwimba kwa mapenzi. Kitu kizuri kuliko vyote nilichowahi kubeba ni yule mtoto, na alinikojolea shingo kwa woga, nami sikumwambia mtu mpaka leo. Wimbo ulipotoka ukatoka na kilichokuwa chini kabisa.

"Umetaja nini, njomba?" akasema Bibiana polepole.

Severina alikuwa ameziba mdomo kwa khanga.

Nikamgeukia Oscar nimwambie afute. Alikwisha washa lori, anapiga honi kwa furaha, vumbi tupu.

Alhamisi, 28 Oktoba

Oscar kapita. Nimemwomba kanda. Akasema, "Mzee, kanda ipi? Nimetoa tatu Lukuledi, mbili stendi Masasi, na moja wanaipiga klabuni hapo Newala tangu juzi. Watu wanaipenda sehemu yako."

Naandika kweli. Kwanza nilifurahi. Nilijiona naimba Masasi bila kupanda gari. Hofu ilikuja baadaye, nilipofika nyumbani, nikamwona Severina anachambua mchicha.

Jumapili, 31 Oktoba

Wingu limejikusanya upande wa Ruvuma, halafu likaondoka. Sultani hajasikia.

Jumatatu, 1 Novemba

Amesikia.

Ilikuwa klabuni Newala, saa tano asubuhi. Wapakiaji watatu walimzunguka, mmoja akainamisha shingo akamwambia, "Jalala, leo shingo ya nani?" Huyo kapoteza meno sita. Wa pili kavunjwa mkono kwa benchi. Wa tatu alikimbia mpaka kituo cha polisi. Haya kanieleza mtu aliyekuwepo, wala sikuongeza hata jino moja.

Alasiri akafika mjini. Nilikuwa barazani. Nikasema leo nakufa, nikatafuta mchi kwa macho. Alinipita. Shati lina damu isiyo yake. Akainama kidogo.

"Shikamoo, njomba."

"Marahaba."

Akaingia uani kwake. Severina alikuwa anakaanga korosho za nyumbani. Nilisikia anamwuliza, "Nani alimchochea njomba ataje jina langu? Nani anampigia debe?" Nikasikia Severina anasema hapana, Baba Julia, hapana. Nikasikia debe la kukaangia linakwaruza chini.

Alimshika mkono wa kulia, ule wa ngoma, akauingiza kwenye maganda yanayochemka. Akaushikilia humo.

Mtu asiyejua mafuta ya korosho asidhani ni kama maji ya moto. Maji yanaunguza yakatoka. Mafuta yale yanang'ang'ania yanaendelea kula.

Severina alilia mara tatu. Mara ya tatu aliita "njomba".

Niliingia ndani nikafunga mlango. Nilikaa kitandani. Mkono wangu ulikuwa umeshika mchi, naona nilikuwa nimeuchukua, lakini nilikaa. Bibiana na wenzake ndio waliovunja ua wakamtoa. Mimi, niliyewaua Wareno saba.

Jumanne, 2 Novemba

Wamempeleka hospitali Newala, kwa lori la Oscar.

Ijumaa, 5 Novemba

Vidole vitatu vimegandana. Nimemwona. Hakunisemesha, si kwa hasira, alikuwa amelala. Julia, binti yake, kakaa chini ya kitanda hataki kutoka.

Jumamosi, 6 Novemba

Nilikwenda kwa Bibiana. Akaniona mlangoni pa ua. Hakuinuka.

"Hapa wanaimba watu," akasema.

Nikarudi.

Jumatano, 10 Novemba

Joto linatafuna. Wingu, halafu hakuna.

Jumatatu, 15 Novemba

Sultani kaja barazani na kibuyu cha uraka. Kwa polisi alilala siku tatu tu. Severina yuko kwa Bibiana tangu jana, mkono umefungwa mpaka kiwiko.

Akanimiminia. "Njomba, nisimulie ya Wareno."

Nikasimulia. Nilikuwa nani hata nikatae. Nikampiga wa kwanza kwa mchi, wa pili, wa tatu. Anacheka palepale anapochekaga, anagonga goti. Na kwa mara ya kwanza nikayasikia maneno yangu kama ya mtu mwingine. Kichwa kilipasuka kama korosho. Nikamvunja magoti kwanza, asikimbie. Nikajiuliza, nani alimfundisha mtoto huyu kuchagua magoti? Alikaa miguuni pangu tangu ana miaka tisa, nami kila jioni nilimlisha vichwa vilivyopasuka.

Vita nilikwenda kweli. Nilibeba sufuria. Nilimwona Mreno mmoja, alikuwa amekwisha kufa, nikamvua kiatu kimoja nikakimbia.

"Halafu wa saba?" akauliza.

Nikasema wa saba alitoroka.

Akanitazama, hakupenda. Akanywa. Kisha akasema, kama mtu anayesema kesho tunapalilia, "Jumamosi namrudisha Mama Julia nyumbani. Kubangua atabangua kwa mkono wa kushoto. Akileta kiburi, na huo nao nitautia."

Jumanne, 16 Novemba

Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Bibiana. Nikamwambia alichosema Sultani.

"Tunajua," akasema.

"Basi mfukuzeni. Mko kumi na mmoja."

Akaacha kirungu. "Njomba, mji wa nani? Sisi tukimfukuza atarudi keshokutwa na panga, na ndugu zake watasema wanawake wamemwonea. Mkwe anarudishwa na mjomba. Mchana, watu wanaona, jembe lake na mkeka wake mbele, na mjomba anaanzisha. Ndiyo inakwisha, hata kwao watampokea wanyamaze." Akanitazama. "Ulidhani tulikuwa tunakufundisha ili upendeze?"

Nilikaa kwenye kinu.

"Tangu Oktoba?"

"Tangu ulipofungua mdomo msibani ikatoka hewa. Severina alisema, tumpe msimu mmoja. Njomba atajua."

Severina alikuwa amesimama nyuma, mkono kifuani. Akasema, "Ile 'ee' yako ya kwanza ilikuwa mbaya sana, njomba." Akajaribu kucheka.

Ijumaa, 19 Novemba

Tumeimba siku tatu. Sijanywa.

Jumapili, 21 Novemba

Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto umefungwa kitambaa.

Jana saa sita. Nilitoa jembe la Sultani na mkeka wake, nikaviweka katikati ya njia ya mji. Wanawake kumi na mmoja wakasimama nyuma yangu na virungu, mikono ina majivu. Majirani wakatoka. Sultani akatokea mlangoni, ameshika panga alilokuwa anakatia makuti.

Akaona jembe. Akaona mkeka. Akacheka. "Njomba, utaimba wewe?"

Nikafungua mdomo. Ikatoka hewa. Ya pili ikatoka hewa. Nyuma yangu nikasikia kirungu kimoja kinagonga kingine, ko, ko-ko, kisha vyote. Ya tatu ikatoka sauti. Nikamwimbia arudi kwao kwa mguu aliojia, mji umemshiba, jembe lake hili, mkeka wake huu. Wakaitikia.

Alipoona si mchezo akaja. Sikukimbia, na hili sijisifu, wanawake walikuwa wameniziba njia nyuma. Niliinua mkono wa kushoto. Panga likashuka. Vidole viwili vikaanguka kwenye mkeka, kimoja kikawa kinacheza. Wimbo ukanikatika hapo. Nasema ukweli, ulikatika.

Severina akaupokea palepale nilipouachia. Hakuanza upya, aliupokea katikati ya neno, akasonga mbele mpaka akawa ubavuni kwangu, mkono wake umefungwa, wangu unamwaga. Sultani akainua panga tena, na macho yake yalikuwa kwake, si kwangu.

Hapo virungu vikashuka. Bibiana ndiye wa kwanza, kifundo cha mkono, panga likaruka. Kisha sikuona nani na nani. Wanawake wanaobangua hujua pa kupiga ili ganda lipasuke. Taya lilipasuka, nililisikia. Alianguka kwenye mkeka wake mwenyewe, nao wanapiga kwa mwendo uleule, ko, ko-ko, na sasa majirani wanaingia na mawe, na watu wanaimba, wanamwita kwa lile jina. Jalala, ee. Jalala, ee.

Nikaona Makote. Nikaona hawataacha.

Nikalala juu yake. Nilipigwa mgongoni viwili na kimoja cha sikio kabla hawajatambua ni mimi. Nikasema, "Basi. Hilo jina liliungua. Nilikuwepo linaungua. Huyu anaitwa Sultani."

Wakaangusha mawe. Damu yangu inamdondokea shingoni. Alikuwa analia bila sauti, kama yule mwizi.

Nikamsimamisha. Bega lake chini ya kwapa langu, Bibiana kabeba mkeka, jembe kabeba jirani, tukamtoa mpaka mwisho wa mikorosho yetu. Hapo nikamwekea vitu vyake begani. Taya halikumruhusu kusema. Nikamwambia niliyomwambia alipokuwa na miaka tisa. Tembea. Usigeuke nyuma.

Njia ile ni nyeupe na ndefu, inaonyesha mtu mpaka awe nukta. Tulisimama wote. Niliomba ageuke, sijui kwa nini niliomba hivyo. Hakugeuka. Nilimfundisha vizuri.

Alhamisi, 25 Novemba

Hospitali. Homa.

Jumamosi, 4 Desemba

Mvua ya kwanza usiku kucha. Wanawake wamekinga maji kwenye kila chombo, hata lile debe. Leo hakuna wa kushuka bondeni.

Jumapili, 12 Desemba

Mvua. Tumekaa barazani kwa Bibiana. Severina anajifunza kupiga galoni kwa mkono wa kushoto, mlio umechelewa kidogo, wote tumechelewa naye. Julia kakaa kwenye kinu changu na kirungu kisicho chake.

Oscar kaja na redio na kanda mpya. Akapewa soda. Akautazama mkono wangu, akavuta kigoda karibu, kama watu wanavyofanya wakijua hadithi inakuja.

"Mzee, nilisikia. Hivi vidole ilikuwaje?"

"Panga."

Akangoja. Wanawake nao wakaacha kubangua, Bibiana kanikodolea macho.

Nikamwambia abonyeze redio, Severina anaanza.